Fundi wa Pancha wa Barabara ya Hatta

Gari likiingia kituoni petu, Fundi hakulitazama. Alilisikiliza. Alikuwa akiketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda lake, uso ameuelekeza upande wa milima, na kabla dereva hajazima injini yeye alishasema, "La nyuma, kushoto." Dereva hushuka, huzunguka gari, na kweli tairi la nyuma kushoto limekaa chini. Wageni walimdhania mchawi. Madereva wa malori ya kokoto, ambao walimzoea, walicheka tu na kumwachia tende.

Nilikaa naye miaka minne, yeye kwenye banda la pancha, mimi kwenye kaunta ya duka la kituo. Kati yetu palikuwa na hatua thelathini na mbili. Hesabu hiyo ni yake, na nilichelewa kujua kwa nini alizihesabu. Jina lake nalijua, ila silitaji. Mwenye kutoa ruhusa ni yeye, na mimi nina sababu za kutomwomba zaidi ya vile nilivyokwisha kumchukulia. Kwetu sote alikuwa Fundi, basi.

Mahali penyewe palikuwa hivi. Ukitoka Dubai kwenda Hatta unaendesha mpaka majengo yanaisha, halafu miti ya kupandwa inaisha, halafu kunabaki uzio wa kuzuia ngamia na mchanga mwekundu huku na huku. Hapo ndipo tulipokuwa: pampu nne za mafuta, duka, mkahawa mdogo wa chai na mikate, msikiti wa mabati, banda la pancha, na nyuma yake safu ya vyumba tulimolala. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mjini tulikwenda Ijumaa moja na kuacha nyingine, tukidandia lori la maji. Ukikosana na mtu kituoni huna pa kumkwepa. Utamkuta bombani, utamkuta msikitini, utamkuta kwenye foleni ya choo.

Fundi hakupenda kuitwa mzee. "Mzee ni yule aliyekwisha kazi," alisema. "Mie kazi nnayo." Alikuwa mtu wa Unguja, na miaka yake ya Ghuba ilikuwa mingi kuliko umri wangu, lakini Kiunguja chake hakikuchujuka. Tairi aliliita mpira, na nilipomwambia kwetu bara mpira ni wa kuchezea, alinitazama kwa huruma. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kondoa kabla ya kupanda ndege, na siku ya kwanza nilipomweleza hivyo akaniita Mwalimu. Hakuniita vingine tena. Nilifurahi sana. Katika nchi ambayo kutwa nzima nilikuwa "wewe, njoo", palikuwa na mtu mmoja aliyenikumbusha kwamba niliwahi kusimama mbele ya ubao.

Wiki nzima mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Alhamisi alasiri aliisugua kwa sukari na sabuni ya unga mpaka ikatakata, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akajifukiza udi, halafu akarudi kuketi kwenye kiti kilekile cha plastiki. Hakuna alikokwenda. Nilimwuliza siku moja amejipambia nani.

"Ijumaa," akasema. "Mgeni akija nawe umechafuka, utampokea vipi?"

Alikuwa na mambo yake ya kupingana. Aliwagombeza madereva wenye mbio bila kujali cheo cha mtu. "Barabara haijapata kumfukuza mtu!" aliwapigia kelele kwa Kiarabu, na nimemsikia akimwambia hivyo mwenye gari ambalo kioo chake kimoja kingenunua banda zima. Lakini vijana wa Kiarabu wakipita na magari yao ya kushindana, injini zikinguruma hata chupa za duka langu zikagongana, Fundi alisimama, akafumba macho, akatabasamu kama anayesikiliza qasida. "We! Sikiliza ile! Sikiliza inavyopanda!" Nikimkumbusha aliyoyasema saa moja kabla, anasema kusikiliza si dhambi.

Alikuwa mkali kwa wateja na mpole kwa mimea. Nyuma ya banda alizika matairi nusu, akayajaza udongo ulioletwa na dereva wa maji, akapanda pilipili, akazinywesha kwa maji yaliyodondoka kwenye mashine za baridi. Pilipili zile zilikuwa kali kiasi cha kumtoa machozi hata mpishi wa mkahawa, Mhindi wa Kerala aliyejisifu kwamba hashindwi na pilipili.

Jambo ambalo halikuwa na mzaha kwake ni umri wa tairi. Kila tairi lina namba nne zilizopigwa mhuri ubavuni, za wiki na mwaka lilipotengenezwa. Banda liliuza matairi mapya na yaliyokwisha kutumika, na haya ya pili ndiyo yaliyopendwa na watu wa mifuko kama yetu. Fundi akikuta limezeeka, hata kama linang'aa, alichukua kisu akalipasua ubavu mbele ya mwenyewe. "Mpira una umri kama mtu," alikuwa akisema. "Tafauti yake, mpira hausemi kuwa unaumwa." Arbab wetu, mwenye kituo, alimlalamikia mara kwa mara kwamba anamkatia riziki yake. Fundi alimjibu kwa Kiarabu kirefu, na arbab akaondoka akitikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya, arbab. Alimheshimu Fundi zaidi ya sisi wote.

Msimu wa baridi wa pili nilitundika sweta langu juu ya kasha la barafu nje ya duka, nikaenda stoo kuchukua katoni ya maji. Nilipokuwa nikirudi nilimwona Fundi amesimama mbele ya sweta.

"Asalaam alaykum, Mwalimu," akaliambia.

Akangoja. "Leo umenuna?"

Nilianza kucheka, nikaacha. Niliweka katoni chini polepole, nikanyata kwa upande, nikasimama nyuma ya kasha, nikamjibu kutoka pale lilipo sweta. "Waalaykumu salaam, Fundi. Nilikuwa nahesabu barafu." Akaridhika, akageuka, akarudi bandani kwake. Nilitazama miguu yake. Midomo ilikuwa ikienda pamoja na miguu: moja, mbili, tatu.

Wiki hiyohiyo akaniletea tairi mpaka kaunta. "Hebu nisomee namba hii, Mwalimu. Miwani nimeisahau." Hakuwa na miwani. Nikasoma. Kesho yake tena. Baada ya mwezi miwani haikutajwa. Alikuwa akiita tu kutoka bandani, "Mwalimu! Njoo unisomee!" nami nilikwenda, nikachutama, nikafuta vumbi kwa kidole gumba, nikamsomea kwa sauti, na yeye akaamua: hili zima, hili kisu. Hatukuwahi kuliongea jambo lenyewe isipokuwa mara moja, nilipomwambia siku hizi mjini wanatibu macho kwa asubuhi moja.

"Na wakinishindwa?" akasema. "Nikitamka kuwa sioni, arbab ataniambia khalas, basi, rudi kwenu ukapumzike. Mie sijui kupumzika, mwanangu."

Mwingine aliyejua alikuwa Moses, mlinzi wa kituo, Mganda mrefu, mlokole, ambaye kutwa alisimama karibu na pampu chini ya mwavuli na hakuna kilichompita. Moses aliniambia, "Bwana, wewe sasa ni macho ya mtu. Hiyo ni kazi ya Mungu, chunga." Nilicheka. Nilijiona mtu mwema sana.

Sasa niseme la siku ile.

Ilikuwa Ijumaa ya kiangazi, baada ya swala ya Ijumaa. Liliingia gari dogo la abiria, jeupe, lenye watu saba, wafanyakazi wa hoteli moja ya Garhoud waliopata siku ya mapumziko pamoja. Walikuwa wanakwenda Hatta kula pilau kando ya bwawa. Tairi lao moja lilikuwa limepasuka na la akiba halikushika upepo, wakachagua moja kati ya yaliyokwisha kutumika. Wakati Fundi anawashughulikia, mmoja wao, dada wa Kenya aitwaye Njeri, aliingia dukani kununua barafu.

"Kaka, hii barafu itafika Hatta ama itakuwa supu?" akaniuliza.

"Mkiifunika na taulo itafika," nikamwambia.

"Taulo ndiyo yangu ya kuogelea. Basi tutakunywa supu." Akacheka, akatoka.

Nikarudi kwenye simu yangu. Nilikuwa nikitazama mpira, mchezo wa jana yake ambao matokeo nilishayajua. Nimejitafutia udhuru miaka yote hii na sikuupata: mama hakuwa mgonjwa, wateja hawakuwa wengi, hakuna habari mbaya iliyonifikia. Palikuwa na joto nje na baridi ndani, na mimi nilikuwa ndani.

"Mwalimu! Njoo unisomee!"

Nilifungua mlango nusu. Joto likanipiga usoni. Kule bandani Fundi alikuwa amesimamisha tairi, ameliegemeza gotini. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na asubuhi ile nilikuwa nimemsomea sita yaliyoletwa pamoja, yote mazima.

"Zima hilo, Fundi!" nikamwitia. "Ni la asubuhi. Weka tu!"

"Umeiona namba?"

"Nimeiona."

Nikafunga mlango.

Moses alikuwa chini ya mwavuli wake. Alinitazama kupitia kioo, akamtazama Fundi, akanitazama tena. Gari jeupe likaondoka, mtu akipunga mkono dirishani.

Dereva wa lori la kokoto aliyetoka upande wa milimani ndiye aliyeleta habari. Alisema kuna gari limepinduka mbele, tairi limepasuka, limevuka mchanga wa katikati. Fundi alisimama. "Rangi gani?" Dereva akamwambia nyeupe. Fundi akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, na hakuivaa tena siku ile.

Hakuna aliyekufa. Nasema hivyo kila mara, na kila mara najua nalisema kwa faida yangu. Sita walitoka na michubuko na mifupa ya kuunga. Njeri mguu wake wa kulia ulibanwa, na hospitali wakaukata chini ya goti.

Polisi walikuja na tairi, au kilichobaki. Ubavu wenye namba ulikuwa mzima. Ofisa akainama, akasoma kwa sauti, akahesabu miaka: kumi na mmoja. Halikuwa moja ya yale sita ya asubuhi. Akauliza ni nani aliyelikagua. Tulikuwa tumesimama wote kivulini mwa banda. Arbab, ambaye alifika kwa gari lake akiwa bado na viatu vya nyumbani, akanigeukia kwanza mimi, kwa sababu alikuwa amewahi kuniona nikichutama pale.

"Wewe ulikuwa naye?"

"No, sir," nikasema. "Nilikuwa dukani."

Kila neno hapo lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilitoka kirahisi.

Fundi aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, na papo hapo nikaomba Mungu asiseme. Kisha akamgeukia ofisa, akasema kwa Kiarabu chake safi, "Nimesoma mimi. Nimekosea mimi."

Wakamchukua. Alipopanda gari alipapasa mlango, na ofisa, kwa adabu tu, akamwekea mkono juu ya kichwa asijigonge.

Jioni Moses alinifuata chumbani. Hakuketi. "Bradha, mimi niliona. Wewe ulifungua mlango tu, hukutembea kwenda pale. Sema. Saa bado iko."

"Nikisema wananifunga, Moses. Nina mama. Nina mkataba."

"Na yeye?"

"Yeye wanamjua. Arbab atamtoa."

"Mimi siwezi kusema kwa jina lako," akasema. "Hiyo ni mdomo yako." Tangu siku ile hakula na mimi sahani moja.

Arbab alimtoa kweli, baada ya siku tisa. Ilionekana dereva wa gari jeupe naye alikuwa kwenye mbio, na mwenye kituo akamdhamini Fundi kwa jina lake mwenyewe. Lakini macho yalishagundulika huko ndani, na kazi ikaisha. Jamaa zake wa Deira, watu wa Unguja waliokaa Dubai kizazi na kizazi, walikuja kumchukua. Nilimwona kupitia kioo akifunga mfuko wake, akikunja kanzu. Kisha akaja dukani. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwalimu, nakuaga."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga siku tisa nzima. Nikasema, "Safari njema, Fundi."

"Haya, mwanangu. Baki salama."

Mtu mpya akaletwa bandani, mwenye macho mazuri, na hakupasua tairi hata moja. Pilipili zilikauka kwa sababu hakuna aliyezielekezea maji. Nami nilikuwapo, na ndoo nilikuwa nayo. Mkataba ulipokwisha nikatafuta kazi mjini. Nikaipata Oud Metha, mapokezi ya jengo la maofisi lenye kliniki ghorofa ya pili. Kazi yangu ilikuwa kuandika wageni na kuwaelekeza lifti.

Asubuhi moja, mwezi wangu wa kwanza hapo, yapata miaka mitatu tangu ajali, mlango wa kioo ukafunguka wakaingia watu wawili wakitembea polepole. Mwanamke mwenye sketi ndefu, akitupa mguu mmoja kwa namna ya mtu anayeufundisha, na kando yake mwanamume wa kanzu aliyembebea mkoba. Nilimjua mwanamume kabla hajafika kaunta. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa yametibiwa, yalikuwa wazi na yalinitazama, kweli yalinitazama, lakini hayakunitambua, maana kwa macho hakuwa ameniona vizuri hata siku moja.

"Kliniki ya miguu," akasema.

"Shikamoo, Fundi."

Akaegemea kaunta, akanisogezea uso, akanisoma mdogomdogo kuanzia paji la uso. "Marahaba, Mwalimu," akasema. "Kumbe ndivyo ulivyo."

Kisha akamgeukia yule mwanamke kwa uchangamfu kama wa mtu anayetambulisha ndugu. "Dada Njeri, huyu alikuwa jirani yangu kule kituoni. Mtu wa dukani."

"Wa barafu," Njeri akasema. "Nakukumbuka. Haikufika."

Alikuwa anatania. Alinyoosha mkono anisalimie. Fundi hakunionya kwa jicho, wala hakunisaidia. Angeweza kuniacha nipokee mkono ule, na ningeupokea, na maisha yangeendelea.

"Dada," nikasema, "siku ile Fundi aliniita nimsomee namba ya tairi, kwa kuwa alikuwa haoni. Sikwenda. Nilimwambia nimeiona. Sikuiona."

Mkono wake ulibaki hewani, kisha akaurudisha akaushika mwingine. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Fundi.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ileile. Sikuzisikia hatua zake. Nilijua hajatembea, na niliuweka mpira vivyo hivyo, kwa kuwa nyie mlikuwa na haraka nami niliona haya kumwita mara ya pili." Alisema taratibu. "Kwa hivyo usiseme nilibeba lake, dada. Nilibeba langu. Lake nimemwachia."

"Hospitali nilikufukuza mara mbili," Njeri akamwambia. "Nikakutukana mbele ya manesi. Ukaketi tu kwenye korido. Miaka mitatu unanileta hapa, unapanda basi kutoka Muraqqabat, kule Deira, na magoti yako hayo, na huyu yuko hapa chini anakaa kwenye baridi?"

Watu walikuwa wakipita kuelekea lifti. Mtu mmoja aliuliza ghorofa ya mhasibu nami sikumjibu. Nilisema naomba msamaha. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia, na kila niliporudia maneno yalizidi kuwa madogo.

Njeri alinitazama mpaka nikanyamaza.

"Msamaha sina leo," akasema. "Labda sitakuwa nao. Lakini nakuja hapa kila mwezi, Jumanne ya kwanza, na kubadilisha basi mbili na huu mguu si mchezo. Huyu amechoka. Sasa utanileta wewe. Saa moja na nusu asubuhi uko mlangoni kwangu Garhoud. Ukichelewa nitapiga kelele mtaa mzima ujue."

"Nitakuja," nikasema.

"Usiseme. Kuja."

Fundi aliuinua mkoba kutoka begani kwake, akauweka juu ya kaunta, mbele yangu. Halafu akaenda zake kwenye makochi ya mapokezi, akatafuta lenye mgongo mrefu, akaketi, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake. Niliuchukua mkoba. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilitoka nyuma ya kaunta, nikaenda kubonyeza lifti, na Njeri akaja nyuma yangu, hatua kwa hatua, nami nikashikilia mlango mpaka akaingia.